Tovuti nyepesi Dar, nzito Genkuru: nani anapima?

Tangu Agosti 2022, mkulima anayetaka mbolea ya ruzuku huandikishwa kwenye mfumo wa kompyuta. Usajili wa jina la biashara BRELA nao hufanyika mtandaoni. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: kurasa za huduma kama hizi hufunguka kwa muda gani kwenye simu ya bei nafuu iliyoko Genkuru, wilayani Tarime, na si kwenye kompyuta ya fundi aliyezitengeneza Dar es Salaam au Dodoma?

Njia iliyozoeleka ya kupima ni kuweka kompyuta maalumu inayoifungua tovuti kila baada ya dakika kadhaa na kuandika kama imefunguka. Kompyuta hiyo haijui habari za mnara wa mbali wala bando linalokwisha, hivyo karibu kila siku huleta habari njema.

Njia ya pili ni kupachika ndani ya ukurasa programu ndogo ya JavaScript. Hiyo husafiri pamoja na ukurasa hadi kwenye simu ya mteja na kufanyia kazi huko huko. Huhesabu sekunde tangu mteja alipobofya hadi maandishi yalipotokea, huona kitufe kilichobonyezwa mara tatu bila jibu, hujua mteja aliishia wapi, kisha humrudishia mwenye tovuti taarifa fupi. Google ilipoanza kutoa huduma yake ya Analytics bure mwaka 2005, kuhesabu wageni wa tovuti kwa programu ya namna hii kukawa ndani ya uwezo hata wa mfanyabiashara mdogo.

Hata hivyo, kipimo hiki kina upofu wake. Programu lazima kwanza ifike kwenye simu ndipo ipime. Aliyesubiri ukurasa mweupe hadi akakata tamaa hahesabiki popote, na kwenye ripoti ya mkuu wa idara ni kama hajawahi kuwapo.

Yaliyowahi kutokea YouTube yanaonyesha jambo hilo vizuri. Mhandisi wake wa zamani, Chris Zacharias, alieleza mwaka 2012 jinsi alivyopunguza uzito wa ukurasa wa video kutoka MB 1.2 hadi KB 98. Alitarajia muda wa wastani wa kufungua ushuke, lakini ulipanda. Baada ya kuzitazama takwimu kwa maeneo, ikaonekana kwamba watu wa Afrika, Amerika Kusini, Kusini Mashariki mwa Asia na Siberia walikuwa wameanza kuingia kwa wingi. Walisubiri zaidi ya dakika mbili, lakini walau sasa waliona video. Kabla ya hapo ukurasa ulikuwa mzito kiasi kwamba hawakuwamo hata kwenye hesabu.

Kwa sababu hiyo wastani wa nchi nzima haumsaidii mtu wa Genkuru. Hata kigezo cha Google kinaridhika iwapo ziara 75 kati ya 100 zinaona sehemu kuu ya ukurasa ndani ya sekunde 2.5. Je, hizo 25 zilizobaki ni za nani? Kama ni za vijijini, tovuti inaweza kupata alama nzuri huku wakulima wakilipa nauli kwenda mjini kujaziwa fomu. Mwenye tovuti anapaswa kuzitenganisha takwimu kwa mkoa, aina ya simu na mtandao, na kulinganisha maombi yaliyofika kwenye seva yake na ripoti zilizorudi kutoka kwenye simu. Pengo kati ya idadi hizo mbili ndiko wanakopotelea wengi wa waliokata tamaa.

Tena, anayegharimia kipimo ni anayepimwa. Programu hizi hula bando la mteja, na zipo kurasa zinazobeba tatu au nne kwa pamoja, nyingine za matangazo tu.

La uzito zaidi ni zile zinazorekodi kila anachofanya mteja kwenye ukurasa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walikuta kwenye tovuti 482 programu za makampuni yanayotoa huduma hiyo, na baadhi zilichukua hata herufi zilizoandikwa kwenye fomu kabla hazijatumwa. Kwetu fomu hizo zinabeba namba ya NIDA na ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa awe na sababu halali na amweleze mhusika. Kupima sekunde hakuhitaji jina la mtu. Kuzizuia sehemu za fomu zisirekodiwe ni kazi ya mistari michache ya programu, na ifanyike kabla mkulima wa kwanza hajaifungua fomu.