Hayo meko ya maboksi, yanampasha nani joto?

Najua hiyo video umeiona. Msichana anakusanya maboksi, anakata, anabandika, anapaka rangi nyeupe, na ndani ya dakika moja sebule ina meko ya ukutani kama ya filamu za Krismasi. Moto wenyewe ni karatasi nyekundu.

Mdogo wangu aliiona akaniganda: lazima tutengeneze yetu kabla ya Idd. Sasa, sisi tuko Rhamu, Kaunti ya Mandera, kando ya Mto Daua. Hapa hata Desemba joto hupita nyuzi 30. Nani anahitaji meko sebuleni? Lakini maboksi ni bure na mimi sikuwa na shughuli ya maana wiki hiyo. Nikasema poa.

Tulizunguka madukani tukapewa katoni za tambi na za mafuta ya kupikia. Gundi tulijipikia: unga wa ngano na maji, unakoroga motoni hadi uwe uji mzito. Siku mbili baadaye meko yakasimama. Manze, yalikuwa noma! Nilipiga picha kama ishirini.

Jioni, baada ya Maghrib, mama akaja na dabqaad yake, yaani chetezo, makaa mekundu ndani na uunsi ukifuka moshi. Akaiweka palepale ndani ya meko yetu, akaenda zake. Punde tukasikia harufu ya karatasi inayoungua. Tuliwahi na jagi la maji, lakini upande mmoja ulikuwa umeshakuwa mweusi.

Nilikasirika. Mama akanitazama tu. "Umejenga mahali pa moto. Kama moto hauruhusiwi kuingia, ni pa nini?"

Sikuwa na jibu. Na wewe unayepanga kutengeneza yako, jiulize swali hilo kabla hujashika makasi.

Sina shida na Krismasi wala na maboksi. Meko ya ukutani yana maana yake kwa wenyewe. Ulaya Desemba ni baridi, familia husogea karibu na moto, ndiyo maana sikukuu yao na meko vikashikana. Hata hapa Kenya, nyumba za zamani za Limuru zinayo, kwa sababu Limuru kuna baridi kweli. Mtu wa huko akitengeneza ya boksi, anaiga kitu anachokijua. Sisi tulikuwa tunaiga simu.

Na kumbe moto wa sikukuu tunao! Kwa Kisomali, dabqaad maana yake ni kibeba moto. Zinazosifika sana huchongwa kwa jiwe laini jeupe la El Bur, katikati mwa Somalia. Idd bila moshi wa uunsi nyumbani ni Idd gani? Mgeni akifika mlangoni, ile harufu inamkaribisha kabla hujafungua mdomo.

Basi tukabomoa meko, tukaanza upya na maboksi yaleyale. Safari hii tukajenga dabqaad kubwa, kimo cha mtoto wa miaka mitano: chini pana, katikati kiuno, juu kikombe chenye matundu. Ndani tukaweka taa ndogo ya sola. Chini tukaweka mawe, upepo usiiangushe na mchwa wasiifikie. Dabqaad ya kweli, yenye makaa, ikawekwa mbali kabisa. Hilo nalo usilisahau: boksi na makaa haviketi chumba kimoja kwa amani.

Utaniambia haya ni mapambo tu, kila mtu afanye anachopenda. Sawa. Lakini sikiliza tofauti niliyoiona. Tulipokuwa tunajenga meko, hakuna aliyemuuliza mtu chochote. Video ilikuwa na majibu yote. Tulipojenga dabqaad, mdogo wangu alilazimika kumuuliza mama kiuno kinaanzia wapi na matundu ni mangapi. Mama akaketi. Akachukua kipande cha makaa, akachora juu ya boksi. Halafu akaanza kusimulia jinsi bibi yake alivyokuwa anapika uunsi, sukari na manukato, na kelele alizopiga mtoto akifungua sufuria. Hadithi hiyo nilikuwa sijawahi kuisikia, na nimeishi na mama miaka yote hii.

Sasa fikiria ni ngapi kama hizo zimelala kwenye nyumba yenu, zikisubiri mtu aulize.

Kwa hivyo maboksi kusanya, usiyaache yachomwe jalalani au yaliwe na mbuzi. Video tazama, ujifunze kukata na kubandika. Ila ukishajua kukata, zima simu, nenda kwa mzee aliye karibu nawe, umuulize: zamani sikukuu ikifika, mlikuwa mnakusanyika kando ya nini? Chochote atakachokutajia, jenga hicho.