Dere akiongeza 'kidogo tu', hesabu yake si kidogo

Ijumaa moja usiku nilikuwa kwenye mathree ya abiria 14, Thika Road, kiti cha mbele. Ngoma ilikuwa juu, na nyuma watu wanapiga kelele: "Dere, ongeza moto!" Sitajifanya mtakatifu, mimi pia nilipiga. Mshale ukafika 100. Ghafla pikapu iliyokuwa mbele yetu ikasimama. Dere alikanyaga breki kwa nguvu zote, tukabaki na nafasi ya kama hatua mbili. Ndani kukajaa harufu ya breki zilizoungua. Kimya. Halafu mtu akacheka, ngoma ikarudi, safari ikaendelea.

Mimi sikucheka tena. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, lakini kuna somo moja la fizikia ya sekondari ambalo halijawahi kunitoka kichwani. Kawi ya mwendo ni nusu ya uzito, mara kasi, mara kasi tena. Wengi wetu tulikariri hiyo fomula tupite mtihani, tukaisahau nje ya lango la shule. Usiku ule nilielewa kwa nini kasi imeandikwa mara mbili.

Tuchukue gari hilo na abiria wake lina tani 3 hivi. Makanga akibeba watu wanne zaidi, wakae kwenye kibao, ameongeza kama kilo 280. Kawi inapanda kwa asilimia 9 hivi. Hapo abiria watalalamika, watapiga picha, watamtishia kwa polisi, na wana haki. Lakini dere akitoka 80 hadi 100 kwa saa, kawi inapanda kwa asilimia 56, na sisi tunampigia makofi. Akitoka 50 hadi 100, kawi haiwi mara mbili, ni mara nne. Kama breki zilihitaji mita 15 kusimamisha gari, sasa zinahitaji mita 60. Na hiyo ni baada ya mguu kugusa breki. Kwa kasi ya 100, gari linakula karibu mita 28 kila sekunde dere anayotumia kushtuka.

Ukitaka kuliona vizuri, fikiria hivi: kugonga ukuta kwa kasi ya 50 ni kama kuanguka kutoka ghorofa ya tatu. Kwa kasi ya 100, ni kama umeanguka kutoka ghorofa ya 13.

Na ile harufu je? Kawi haipotei. Gari likisimama, lazima iende mahali, na breki huigeuza kuwa joto. Joto lenyewe pia ni mwendo: chembechembe za chuma zinatetemeka, na halijoto ikipanda ujue zinatetemeka kwa kasi zaidi. Kusimamisha mathree yetu kutoka 100 kulitoa joto la kuchemsha karibu lita tatu na nusu za maji. Kutoka 50, hata lita moja haifiki. Sasa fikiria lori la mizigo kwenye mteremko kama wa Salgaa, dereva ametoa gia ili aokoe mafuta, anategemea breki peke yake kilomita baada ya kilomita. Breki zikipata moto kupita kiasi, hushindwa kushika. Ndiyo maana madereva waliokomaa hushuka kwa gia ndogo, injini isaidie kulizuia gari.

Sheria tunazo. Tangu kanuni za Michuki za 2004, matatu zinafaa kuwa na kidhibiti mwendo, mwisho 80. Lakini kidhibiti kinaweza kuchezewa, na trafiki hawezi kukaa kila kona. Anayekaa ndani ya gari kila siku ni mimi na wewe, na nauli ni yetu.

Watu husema wanachelewa. Sawa, tupige hesabu. Kwa safari ya kilomita 30, ukienda 100 badala ya 80 unaokoa dakika nne na nusu. Hizo utazimaliza ukiwa steji unangoja chenji.

Kwa hivyo wasee, tuache kumlaumu dere peke yake. Yeye hukanyaga mafuta kwa sababu anajua gari la pole pole tunalikimbia, tunapanda nganya inayopaa. Kesho mkiwa ndani na mshale unapanda, sema maneno mawili tu: "Dere, punguza." Utachekwa, utaitwa mshamba. Mimi nimeanza kuyasema, na nimeitwa mshamba mara ya kutosha. Lakini juzi, nilipoyasema, mama mmoja nyuma yangu akaunga mkono, kisha kijana mwingine, na dere akapunguza.