Vilima vya Kigali na Haki ya Mwenye Baiskeli

Kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba, mwaka 2025, mji wa Kigali ulizifunga barabara zake kubwa ili kuzipisha baiskeli. Shule za mjini zilifungwa kwa juma zima, watumishi wa serikali wakatakiwa kufanyia kazi majumbani mwao, na magari yakaelekezwa kwenye njia za pembeni. Yalikuwa ni mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo, yaliyoanzishwa mwaka 1921, kukanyaga ardhi ya Afrika. Kabla hayajaanza yalisemwa mengi, hasa katika Ulaya, na wapo waliotaka yahamishwe kwa sababu ya vita vya mashariki ya Kongo. Suala hilo ni zito na lina mahali pake. Leo nataka kuzungumzia barabara zenyewe, na watu wanaozipanda kila siku bila ya kushangiliwa.

Wasomaji wengi waliyaona mashindano yale katika televisheni, lakini picha haionyeshi mwinuko jinsi ulivyo. Tuanze na mtaa wa Kimihurura, kilima chenye ofisi za serikali, nyumba za wenye nafasi na mikahawa, jirani na lile jumba la mikutano lenye kuba linalong'aa usiku. Hapo ndipo mashindano yalipoanzia na kumalizikia. Mzunguko mdogo ulikuwa na urefu wa kilomita 15.1, na ndani yake vilima viwili. Cha kwanza ni kile cha upande wa uwanja wa gofu, mita 800 tu, lakini mwinuko wake ni wa asilimia 8.1, yaani katika kila mita 100 za barabara unapanda mita nane na zaidi. Cha pili ni Kimihurura yenyewe, kilomita 1.3 kwa mwinuko wa asilimia 6.3, na barabara yake imetandikwa mawe. Mtu akipiga hesabu ataona kuwa vilima hivyo viwili peke yake vinampandisha mpanda baiskeli kiasi cha mita 147 katika kila mzunguko. Wanaume waliizunguka njia hiyo mara 15.

Katikati ya mizunguko hiyo walitolewa nje, wakapelekwa kuupanda mlima Kigali, kilomita 5.9 kwa asilimia 6.9, kisha wakarudishwa mjini kupitia mahali ambapo waandishi wa michezo wamepaita Ukuta wa Kigali: mita 400 za mawe, asilimia 11. Wenyeji wana jina lao la zamani, Kwa Mutwe, nami sioni kwa nini jina hilo lisitoshe. Jumla ya safari ilikuwa kilomita 267.5, na jumla ya kupanda ilikuwa mita 5,475. Kilele cha Kibo kinazidi hesabu hiyo kwa mita 420 tu. Si ajabu basi kwamba katika mabingwa wote walioanza siku ile, ni 30 tu waliofika mwisho. Tadej Pogačar wa Slovenia alichomoka katika mlima Kigali zikiwa zimesalia kilomita zaidi ya 100, na kilomita 66 za mwisho akaenda peke yake hadi ushindi. Upande wa wanawake, Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye ni wachache waliomtarajia, aliwashinda waliotajwa sana magazetini.

Nimezitaja tarakimu hizi kwa makusudi. Vilima vilivyowaangusha watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, wenye baiskeli nyepesi za mamilioni, wenye madaktari na wapishi wao, ndivyo hivyo hivyo anavyokabiliana navyo kijana aliyefunga magunia mawili ya viazi kwenye keria, juu ya baiskeli ya chuma isiyo na gia hata moja. Yeye hukanyaga pedeli mpaka pumzi inapomkatika, kisha hushuka na kuisukuma. Akifika kileleni kazi yake haijaisha, kwa maana upande wa pili upo mteremko, na breki zake ni vipande viwili vya raba. Mvua ikinyesha, raba hizo hazishiki, na miguu ndiyo inayogeuzwa kuwa breki.

Katika Rwanda wapo pia abanyonzi, yaani vijana wanaobeba abiria kwa baiskeli. Hao si wageni kwetu. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa Busia, katika mpaka wa Kenya na Uganda, kwa ajili ya baiskeli, kabla pikipiki hazijalinyakua. Lakini katika Kigali abanyonzi wamekuwa wakizuiwa kwa miaka mingi wasiingie katika barabara kuu za katikati ya mji, na riziki yao wameitafuta pembezoni. Sababu inayotolewa ni usalama. Sibezi sababu hiyo: baiskeli inayopanda kilima kwa mwendo wa mtu anayetembea, ikiyumba huku na huku, nyuma yake basi na lori, ni hatari iliyo wazi. Lakini yafaa tuulize hatari hiyo imeletwa na nani. Barabara ikijengwa kwa kipimo cha gari peke yake, mwenye baiskeli ataonekana daima kuwa ndiye mkosaji.

Tena tukumbuke mabingwa wanatoka wapi. Tour du Rwanda ilianza mwaka 1988, na tangu mwaka 2009 imo katika kalenda ya shirikisho la dunia. Gasore Hategeka, aliyepata kuichezea timu ya taifa, aliijenga miguu yake kwa kubeba viazi na abiria. Adrien Niyonshuti aliibeba bendera ya nchi yake mjini London mwaka 2012, akashindana katika baiskeli za milimani na kumaliza. Taifa linalojivunia watu wa namna hiyo lingefanya vibaya kuwaona wenzao waliobaki na magunia kuwa ni uchafu wa barabarani.

Wako watakaosema kwamba Kigali ni mji wa vilima, na kwamba Mungu mwenyewe hakuukusudia kuwa mji wa baiskeli. Maneno haya husemwa aghalabu na mtu aliyeketi ndani ya gari. Ni kweli kwamba mji umekaa juu ya migongo ya vilima, na barabara kubwa hufuata migongo hiyo, kisha hutumbukia mabondeni kama Nyabugogo na kuanza kupanda tena. Lakini mchukuzi mzoefu hapandi kwa njia iliyonyooka. Yeye hukikata kilima kwa ubavu, akaenda mbali zaidi ili apande polepole. Njia hizo zipo, wenye kazi wanazijua kwa miguu yao. Kinachokosekana ni mtu wa ofisi ya ramani kukaa nao siku mbili tatu, akazichora, akazipima mwinuko, kisha vikawekwa vibao vya kuonyesha kwamba kutoka bonde hili hadi soko lile iko njia ndefu ya wastani na iko fupi ya ukali. Kama kilima cha kushindania kiliweza kupimwa mpaka sehemu ya kumi ya asilimia moja, hicho cha kupitishia ndizi hakishindikani.

Jambo la pili ni ujenzi, nalo halihitaji fedha nyingi kama inavyodhaniwa. Anayeshuka mlima kwa baiskeli huenda karibu sawa na magari ya mjini, na anaweza kuchanganyika nayo. Anayepanda ndiye anayehitaji kutengwa. Kwa hiyo katika mji wa vilima hakuna haja ya kujenga njia ya baiskeli pande zote mbili za kila barabara. Itoshe upande wa kupanda, upana wa mita moja na nusu hivi, na ukingo wa saruji ulioinuka ili lori lisiumeze. Penye mawe, kama Kimihurura na Kwa Mutwe, uachwe mstari mwembamba wa lami au wa saruji pembeni. Mawe yana faida yake, maana hupunguza kasi ya magari mitaani, lakini hutikisa mzigo na kukata spoki, na yakilowa huteleza kama sabuni.

Haki inatutaka tukiri kwamba Kigali imekwisha fanya mambo ambayo miji mingi ya Afrika Mashariki haijayathubutu. Tangu mwaka 2016 ipo Jumapili ya kufunga barabara kwa magari, na siku hizo ni mara mbili kwa mwezi. Mwaka 2021 zikaletwa baiskeli za kukodi. Katika bonde la Nyandungu, ambalo lilikuwa kinamasi kilichoharibiwa, bustani ilifunguliwa mwaka 2022 yenye njia za waenda kwa miguu na za baiskeli. Hata Biryogo, karibu na Nyamirambo, katika mitaa ile ya Waislamu ambako Kiswahili kilizungumzwa siku nyingi kabla hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, upo mtaa uliofungiwa magari, watu wakakaa nje wakanywa chai. Lakini karibu yote haya ni ya mapumziko. Ni ya Jumapili, ni ya anayetafuta afya, ni ya mgeni mwenye simu ya kukodia baiskeli. Kijana wa magunia anatoka Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, na hakuna aliyemfungia barabara.

Barabara zilizotumika Septemba ile zingefaa kuwa mwanzo. Zilikwisha kukaguliwa na kuzibwa mashimo. Halmashauri ya jiji ikianza na Kimihurura, ikatenga upande wa kupanda kwa hizo kilomita 1.3, kisha ikawaruhusu abanyonzi na wachukuzi kuutumia kwa muda wa miezi sita huku polisi wakihesabu ajali kabla na baada, hesabu hiyo itatoa jibu ambalo mabishano yetu hayawezi kulitoa. Na wakihesabu, wasimame pale kilima kinapoanza, saa za alfajiri, wakati magunia yanapopita.