Shujaa Mmoja, Watoto Watano

Mvua za Rungwe hazina haraka ya kuondoka. Zikianza Novemba huendelea hadi Mei, na mjini Tukuyu zipo siku ambazo ukungu hufunga tangu alfajiri, mlima usionekane, na watoto wakalazimika kushinda ndani. Wenye ludo hucheza ludo. Wenye vitabu husoma hadithi. Leo, ndugu msomaji, tutazame jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kuunganishwa, yaani namna ya kuitoa hadithi ya shujaa kitabuni na kuifanya mchezo wa mezani.

Mchezo tunaousema hauhitaji ubao, wala hakuna anayemshinda mwenzake. Mmoja kati ya waliokaa mezani huwa msimulizi. Wengine huchukua kila mmoja nafasi ya mhusika, akaeleza mhusika wake anatenda nini. Jambo likiwa na mashaka, dadu hurushwa, nayo huamua. Mchezo wa kwanza wa namna hii ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, na ilipofika 1984 mashujaa wa Marvel, wale warukao angani na kubeba magari, walikwisha kutengenezewa mchezo wao.

Nasi shujaa tunaye. Ni nani katika wasomaji wa makamo asiyemjua Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya za A. E. Musiba? Katika vitabu kama Kikosi cha Kisasi, Gamba hupambana na maadui wa ukombozi wa Afrika. Haruki angani wala hapenyi ukuta, lakini kwa ngumi, bastola na akili hutoka salama pale ambapo mtu wa kawaida angezikwa. Basi mzazi akitaka kuwatengenezea wanawe mchezo kutokana na Gamba, hukumbana na kikwazo mara moja: watoto ni watano, Gamba ni mmoja. Nani atakuwa Gamba, na wale wanne watafanya nini? Wamshikie koti?

Kikwazo hiki kina chanzo chake. Riwaya hujengwa ili macho ya msomaji yamfuate mtu mmoja, na wengine wapo ili yeye ang'ae. Meza haikubali hivyo. Mtoto asiye na la kutenda huondoka, na mchezo huvunjika.

Upo mfano wa kutufaa. Mwaka 1983, huko New Mexico, mwandishi George R. R. Martin na waandishi wenzake walinogewa na mchezo wa mashujaa uitwao Superworld. Kutokana na meza ile ulizaliwa mfululizo wa vitabu vya Wild Cards, ambao kitabu chake cha kwanza kilitoka 1987. Mwaka 1989 mfululizo huo ukarudi mezani ukiwa mchezo. Kurudi kwake hakukuwa kwa taabu, maana tangu mwanzo ulikuwa na mashujaa wengi walioandikwa na mikono mingi. Hadithi iliyozaliwa na kundi hupokelewa na kundi.

Katika jambo hili Rungwe ina hazina yake. Zamani vijana wa Kinyakyusa wa rika moja walitoka katika nyumba za wazazi wao na kujenga kijiji chao wenyewe. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1930 na kutoa kitabu chake 1951, alieleza kwa urefu jinsi walivyothamini ukwangala, yaani raha na wema wa kuishi pamoja na wenzako. Huo ndio ufunguo wa mchezo wetu. Gamba asikabidhiwe mtoto yeyote. Awe safarini, na barua yake kwa rika la Tukuyu ndiyo ianzishe kisa. Wavulana kwa wasichana wawe ndio rika hilo.

Kanuni ziwe chache. Kila mtoto apewe alama 8, azigawe katika nguvu, akili, ujasiri na ulimi, lakini pasiwe na sifa yenye alama zaidi ya 3. Anayejaribu jambo arushe dadu moja ya ludo na kujumlisha alama za sifa inayohusika. Jambo jepesi lidai 5, gumu lidai 7, zito lidai 10. Msomaji ameshaona: peke yake hakuna awezaye kupita 9. Ili kufika 10, sharti mwenzake aeleze anavyomsaidia, kisha aongeze alama zake. Aidha kila mmoja apewe kipawa kimoja cha ajabu chenye gharama yake. Aonaye ndani ya ukungu asione vyema jua likiwaka.

Sasa kisa. Katika msitu wa Mlima Rungwe yuko kima aitwaye kipunji, ambaye wanasayansi walimgundua mlimani hapo mwaka 2003, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikwisha kumjua. Barua ya Gamba yasema: kuna watu wanakata miti usiku kwa ajili ya mkaa; uzuieni mkono wao. Mwenye nguvu atataka kunyang'anya shoka, na huenda dadu ikamkubalia. Hapo msimulizi aseme kwa upole kwamba kesho yake shoka jingine limesikika. Aliyekamatwa ni baba wa mwanafunzi mwenzao, na anadaiwa ada. Je, sasa? Katika riwaya ya kipelelezi, adui akianguka ukurasa hufungwa. Mezani watoto watatazamana, na yule mwenye ulimi, ambaye tangu mwanzo alionekana hana kazi, ataulizwa na wenzake atasema nini mkutanoni kijijini.

Tahadhari mbili. Jina la Lwembe, aliyeheshimiwa kwa ibada huko Lubaga, lisichezewe kwa dadu kabla wazee hawajaulizwa. Si kila kilicho kikubwa ni mchezo. Pia, kumchezesha Gamba nyumbani ni jambo moja, kumchapa na kumuuza ni jingine, nalo lataka ruhusa ya wenye haki.

Wako wazazi watakaosema kwamba huu ni upuuzi wa kupoteza muda. Lakini mtoto asomaye habari za shujaa asiyeshindwa hujifunza pia kungoja: kwamba siku ya shida atatokea mtu mmoja atakayemaliza yote. Wajibu wetu ni kumwonyesha upande wa pili. Gharama yake ni dadu moja, penseli, na daftari lililobakia kurasa. Mkono mmoja haulei mwana, na msitu wa Rungwe hauwezi kulindwa na Gamba peke yake.