Nani alimfundisha Hasheem?

UPEPO WA RUKWA
Na Deus Kasonso

Ubishi wa michezo hapa Kibaoni ni wa Simba na Yanga, na mtoto huzaliwa upande wake umeshapangwa. Siku hizi umeingia mwingine. Kwenye banda la kuchajia simu, karibu na wanapopakia abiria wa Mpanda, vijana wanaangalia vipande vya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, usiku, na asubuhi wanamjadili mtu aliyevuma wakati wengine wao wako chekechea: Hasheem Thabeet.

"Mwalimu, walimchukua namba mbili wakamwacha Stephen Curry!" kijana mmoja wa bodaboda alinifokea wiki iliyopita, utadhani mimi ndiye niliyekuwa bosi wa Memphis.

Ni kweli walimwacha. Juni 2009, timu za NBA zilipogawana wachezaji wapya, Memphis Grizzlies walimchagua Hasheem wa pili, nyuma ya Blake Griffin peke yake. James Harden alikuwa wa tatu, Curry wa saba, DeMar DeRozan wa tisa. Orodha hiyo ndiyo fimbo anayochapwa nayo hadi leo. Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, mita 2.21, aliondoka kwenye ligi ile baada ya michezo 224 akiwa na wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Wanaosema alikuwa mzigo huishia hapo.

Mama mwenye banda hakubaliani nao. "Mtoto wa watu wamemsugulisha benchi, halafu mnasema hajui?" Kwake yeye kosa ni la makocha. Ana wafuasi, ingawa nashuku wengine wanamuunga mkono ili simu zao zipewe nafasi mapema.

Mimi naona pande zote mbili zinaianzia hadithi Memphis, na Memphis ni mwisho wa sura. Hasheem alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987 na akaanza kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, akisoma Makongo. Kutoka hapo akaenda Marekani, akamalizia sekondari Cypress, Houston, na mwaka 2006 akawa Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Hesabu mwenyewe: kati ya siku aliyoanza kuudunda mpira na siku aliyoitwa jina lake mbele ya Marekani nzima ni kama miaka saba. Mtoto wa Hispania au Serbia mwenye kimo kama hicho, akifikisha miaka 15, mara nyingi ameshapita kwenye mikono ya makocha watatu wa vijana.

Sasa tazama alichofanya Calhoun, kwa sababu hapa takwimu zinasema jambo ambalo video fupi hazisemi. Mwaka wa kwanza chuoni Hasheem alikuwa na wastani wa pointi 6.2 na ribaundi 6.4. Mwaka wa pili, 10.5 na 7.9. Mwaka wa tatu, 13.6 na 10.8. Mitupo aliyozuia je? 3.8, kisha 4.5, kisha 4.2. Haikusogea sana! Kuzuia mtupo kulikuwa ndani ya mifupa yake tangu siku ya kwanza, kazi ya Mungu na wazazi. Vilivyopanda ni vile vinavyofundishwa: wapi pa kusimama mpira unapogonga chuma, namna ya kuupokea na mtu yuko mgongoni, lini ugeuke. Miaka mitatu, kocha mmoja, na mtu akawa karibu mara mbili ya alivyokuja. Aliyepanda namna hiyo simwiti mvivu.

Ila alikuwa bado hajaiva, na hilo lilionekana mchana kweupe Februari 2009. Connecticut walikuwa namba moja nchini humo, wakawakaribisha Pittsburgh. Pittsburgh walikuwa na senta anaitwa DeJuan Blair, mita mbili na kidogo, mpana kama mlango wa ghala, ambaye magoti yake yote mawili yalikuwa hayana zile kano kuu za mbele ambazo wachezaji wengine wakikatika moja wanalia msimu mzima. Blair alifunga pointi 22 na kuchukua ribaundi 23. Hasheem alipata pointi tano na ribaundi nne. Katika kugombea mpira mmoja Blair alimnasa mkono, akainama, na yule mrefu akaruka juu ya bega na kuanguka chali. Vijana wa banda wanacheka sana kipande hicho. Nawaomba wakitazame tena, waache kuangalia mikono, waangalie nyonga. Blair ameshuka chini, magoti yamekunjwa, makalio yametangulia. Hasheem amesimama wima kama amekuja kutundika pazia. Hakuna siri nyingine pale. Aliyekaa chini humwondoa aliyesimama, na kukaa chini ni mazoea ya mwili yanayotaka miaka, hasa kwa mwenye miguu mirefu namna ile.

Akaenda Memphis. Huko alimkuta Marc Gasol, naye senta, naye chini ya kocha Lionel Hollins. Mama wa banda anisamehe, lakini mfano huu unamtesa. Kocha alikuwa yule yule, na mmoja wao aliyeibuka mchezaji bora wa ulinzi wa NBA mwaka 2013 ni Gasol, mtu mzito, asiyeruka, aliyechaguliwa namba 48 mwaka 2007. Gasol alikulia katika nyumba ya kikapu Hispania, kaka yake Pau akiwa tayari nyota wa NBA, na alishacheza na watu wazima katika ligi ya kwao kabla ya kuja. Hollins hakuhitaji kumfundisha kukaa chini. Alimkuta amekaa.

Na Hollins alikuwa na haraka. Kocha wa NBA hulipwa kwa ushindi wa leo jioni. Februari 2010 Hasheem alipelekwa Dakota Wizards, kwenye ligi ya maendeleo, na hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyekuwa ameshushwa huko kabla. Mwaka mmoja baadaye akauzwa Houston. Machi 2012 Portland. Kisha Oklahoma City, misimu miwili akisubiri nyuma ya Kendrick Perkins. Timu nne, makocha wanne na zaidi, kila mmoja na daftari lake, kila mmoja akimtaka afanye lile lile analolijua tayari: ingia dakika kumi, zuia mitupo, toka. Wakati huo Memphis, miezi michache baada ya kumwuza, waliwatoa San Antonio waliokuwa vinara wa kanda. Kwa timu, Hollins alikuwa sahihi. Kwa Hasheem, ile ilikuwa shule iliyomwondoa darasani katikati ya muhula.

Hapo yule wa bodaboda hutoa karata yake: mbona Hakeem Olajuwon naye alichelewa? Ni swali zuri. Olajuwon aliushika mpira wa kikapu akiwa kijana mkubwa pale Lagos, lakini alikuwa golikipa wa soka na mchezaji wa mpira wa mikono, kwa hiyo miguu yake ilishasoma. Halafu akaangukia Houston, na wakati wa kiangazi alikuwa akicheza ukumbi wa Fonde dhidi ya Moses Malone, mchezaji bora wa ligi nzima, aliyemsukuma na kumpiga viwiko siku hadi siku bila refa wa kumwonea huruma. Dikembe Mutombo wa Kinshasa, mwingine aliyechelewa, alifika chuo cha Georgetown mwaka 1987 akitaka kusomea udaktari. Kocha wake, John Thompson, alikuwa senta mwenyewe, aliyewahi kukaa nyuma ya Bill Russell pale Boston, na mazoezini Mutombo alikuwa akipigana na Alonzo Mourning. Aliingia NBA mwaka 1991 akiwa na miaka 25. Waliochelewa hawa wawili walimpata mrefu mwenzao wa kuwasumbua kila siku, na wakapewa muda. Hasheem aliondoka chuoni na miaka 22, na mimi simlaumu. Fedha ya namba mbili ikiwekwa mezani, mama yeyote wa Kiswahili atatafuta kalamu.

Mfano wa karibu zaidi na sisi ni Khaman Maluach. Mzaliwa wa Sudan Kusini, amekulia Kawempe, Kampala, na alianza kikapu akiwa na miaka 13 hivi. Naye angeweza kuachwa asimame chini ya kikapu na kuinua mikono. Badala yake alipelekwa akademia ya NBA kule Senegal, akacheza ligi ya Afrika dhidi ya watu wazima wenye ndevu, akaenda Olimpiki ya Paris 2024 kabla ya kutimiza miaka 18, akapita chuo cha Duke, na mwaka 2025 akachaguliwa wa kumi. Atafika wapi bado ni mapema kusema. Lakini miaka ile ambayo Hasheem hakuwa nayo, huyu alipewa.

Dar es Salaam angalau kuna Don Bosco pale Upanga, na klabu zenye wazee wanaojua kazi. Huku kwetu Katavi kuna shule moja ya sekondari, si mbali na barabara ya Sitalike, yenye kikapu kilichochomelewa kwa nondo kwenye ubao wa mninga. Uwanja ni changarawe. Mpira ukigonga kokoto unakwenda unakotaka, kwa hiyo watoto wameacha kudunda kabisa na wanapeana pasi za haraka ambazo zingemfurahisha kocha yeyote. Na kuna kijana wa kidato cha pili, wa familia ya wafugaji kutoka bondeni, ambaye akinyoosha mkono bila kuruka anashika chuma. Kila UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ikikaribia anaitwa wiki mbili kabla, anaambiwa: simama pale, inua mikono. Anazuia mitupo, watu wanashangilia, anarudi kwenye ng'ombe.

Mimi ningemkataza kuzuia mtupo hata mmoja hadi Desemba. Apewe mpira mbali na kikapu, apige pasi, akosee. Aletewe mtu mfupi mnene amsukume mgongoni nusu saa, na hapa Kibaoni wapagazi wa mchele wa aina hiyo hatujawakosa. Adake golini kwenye soka pia, maana huko ndiko miguu inakojifunza kuwahi.

Nimezungumza na mwalimu wa michezo, ambaye ndiye wa hisabati na wiki hii ndiye wa zamu. Amekubali Jumamosi mbili kwa mwezi, mvua ikiruhusu. Tatizo lake ni mpira: uliopo una kiraka na hauruki sawa. Msomaji wa Mpanda mwenye mpira namba saba unaokaa tu nyumbani aupeleke stendi, amkabidhi dereva yeyote wa gari za Kibaoni. Aseme ni wa Mwalimu Kasonso.