Moto Ukizimika Usiku, Nani Atasema Nyama Itupwe?



Sikukuu ya wafinalisti inakaribia, na tayari tunasikia watu wakiongea juu ya mbuzi, pipa na kuni. Desturi tunaijua wote. Jioni nyama inapangwa juu ya waya ndani ya pipa la chuma, moto unawashwa chini, pipa linafunikwa kwa bati, na moshi unafanya kazi yake mpaka asubuhi. Ni desturi nzuri, na nyama yake ni tamu. Lakini sisi tunataka swali moja lijibiwe sasa, kabla mbuzi hajachinjwa: moto ukizimika usiku, nani ana haki ya kusema nyama itupwe?

Moto kuzimika si jambo la ajabu. Mvua ya Goma haipigi hodi. Kuni mbichi zinatoa moshi mwingi na joto kidogo. Mlinzi naye ni mtu, usingizi unamchukua. Asubuhi anakuta majivu, na nyama iko vuguvugu, rangi ya kahawia, inanukia. Hapo kila mtu anasema: "Washa tu moto tena, haina shida! Iko na harufu muzuri." Sisi tunasema shida iko, tena kubwa.

Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni 5 za chakula salama. Kanuni moja inafundisha kwamba vijidudu vinazaana haraka kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Chini ya 5 vinalegea, juu ya 60 vinashindwa. Tuchukue kalamu, tuhesabu kama darasani. Kijidudu kimoja kikipata joto la kukifaa kinaweza kugawanyika kila dakika 20. Baada ya saa 1 viko 8. Baada ya saa 2, 64. Baada ya saa 4, 4,096. Baada ya saa 6, 262,144. Na hicho kilikuwa kimoja tu! Nyama vuguvugu ndiyo kitanda chao.

Wengine wanajibu kwamba usiku wa Goma ni baridi. Kweli, tunajifunika blanketi. Lakini baridi yetu haishuki mpaka nyuzi 5, na ndani ya pipa lililofunikwa joto linakawia kutoka. Baridi ya kumtetemesha mwanafunzi haitoshi kulinda paja la mbuzi.

Tena kuna wanaoamini kwamba moto wa pili unasafisha yote. Hapa ndipo tunaomba watu wasikie vizuri. Moto mkali unaua vijidudu vingi, ndiyo. Lakini vingine, vikiisha kuzaana, vinaacha sumu ndani ya nyama. Kimoja kinaitwa stafilokoki. Kinakaa puani na kwenye ngozi ya watu wengi wazima wasiougua, na mikono inayokata nyama inaweza kukileta. Sumu yake haimalizwi hata kwa kuchemsha nusu saa. Na kwetu, mita 1,500 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kwa hiyo kuichemsha hiyo nyama ndani ya sufuria hakurudishi saa zilizopotea. Aliyekula anaweza kuanza kutapika hata kabla ya saa moja kupita.

"Basi, mbona samaki wa Vitshumbi wanafika Goma salama?" Swali nzuri. Samaki wale wanapasuliwa, matumbo yanatolewa, na wanakaushwa mpaka maji mengi yanatoka. Ukavu ndio unaowalinda zaidi, moshi unasaidia tu. Paja nene lililopata moshi nusu ya usiku limepakwa rangi nje, lakini ndani maji na damu bado viko.

Hatusemi haya kwa kudharau njaa. Wazazi walitoa makuta kwa shida, na mwanafunzi wa internati anayekula maharage siku nyingi hawezi kucheka mtu akitupa mbuzi mzima. "Tutatupa nyama aje na njaa hii?" Tunaelewa. Lakini tufikiri jambo lingine. Katika mji wetu, watu wengi wakitapika baada ya karamu moja, neno la kwanza kinywani ni karuho. Hakuna anayeuliza moto ulizimika saa ngapi. Wanauliza nani alipika. Mama wa jikoni, ambaye hakumtakia mtu mabaya, anaanza kutazamwa kama mwenye sumu. Nyama ikitupwa tunalia siku moja. Jina la mtu likiharibiwa, tutalirudisha namna gani?

Kwa hiyo tunapendekeza haya. Kwanza, nyama ikatwe vipande vyembamba na moto uwashwe alfajiri, ili kazi iishe mchana mbele ya macho ya wote. Pili, kama ni lazima usiku, walinzi wawe wawili wawili, zamu ya saa 2, kuni kavu karibu, na kila nusu saa waandike katika daftari kwamba moto unawaka. Tatu, moto ukikutwa umezimika, saa zihesabiwe kuanzia mara ya mwisho mtu alipouona ukiwaka, si kuanzia alipoamka. Kama hazijapita saa 2 na nyama bado ni ya moto, moto uchochewe sana mpaka iive kabisa hata karibu na mfupa. Zikipita 2, au daftari halisemi kitu, nyama itupwe mahali ambapo hata mbwa hataifikia.

Nne, na hili ndilo kubwa: Bwana Prefe amtaje mapema mtu mmojawapo mwenye neno la mwisho, na asiwe mpishi wala mfinalisti. Asubuhi ya sikukuu, mbele ya watu wenye njaa, hakuna mtu atakayekuwa na nguvu ya kusema "tupa" kama hakupewa haki hiyo tangu zamani. Na siku atakapoisema, tusimzomee. Tumpikie maharage pamoja, tule, tucheze.

Hayo ndiyo mawazo yetu. Mwenye mengine aandike, ukurasa ni wa wote.