Dripu haiui? Nani kasema?

Najua nimepotea na kuna waliodhani nimeacha chuo. Sijaacha. Tulikuwa wodi ya watoto wiki sita mfululizo, na ukitoka pale jioni huna hamu hata ya kula, sembuse kuandika. Leo Jumapili, umeme upo, wenzangu wa chumbani wametoka, nimebaki na uji wangu na hasira zangu. Anayetafuta picha za send-off ya juzi asubiri wiki ijayo.

Hasira zenyewe zinatokana na maneno matatu tu. Juzi usiku tulikuwa kwenye diskasheni, tunajiandaa na jaribio la uuguzi wa watoto: kuungua, upungufu wa maji mwilini, shoku, magonjwa ya ngozi, mzigo wote huo kwa usiku mmoja. Tukafika kwenye hesabu ya maji ya mtoto aliyeungua. Mwenzetu mmoja, tena kichwa kwelikweli darasani, akafunga daftari akasema tusisumbuane na mahesabu, unafungua chupa ikimbie, "dripu haiui, bwana." Watu wakacheka, wakahamia swali linalofuata. Mimi sikucheka, na kwa kuwa usiku ule nilizidiwa kelele, leo naongea peke yangu.

Kwanza nadhani Kiswahili chetu chenyewe kinatuponza. Mgonjwa "katundikiwa maji". Mgonjwa "kapigwa chupa tatu". Sasa maji nani ayaogope? Hujasikia mama anaomba mwanawe aongezewe kwinini kidogo ili apate nguvu, lakini dripu ya nguvu inaombwa kila siku, na ziko zahanati za mitaani zinazoitundika bila kuuliza swali la pili kwa sababu chupa inalipiwa. Baba akifika wodini akikuta mtoto anapewa ORS kwa kikombe na kijiko, ananuna: "Sista, ina maana mpaka sasa hajatibiwa?" Chupa ikining'inia tu, hata kama haidondoki, roho inatulia.

Hebu tufanye hesabu ambayo haihitaji hata simu. Damu ya mtoto mdogo ni kama mililita 80 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 12, yule wa miaka miwili anayekimbia uwanjani bila suruali, ana damu mililita 960. Haijai hata chupa tatu za soda ya 350. Damu yake yote hiyo! Sasa fungua dripu ya mililita 500 "ikimbie" ndani ya saa moja. Umemwongezea mwilini zaidi ya nusu ya damu aliyo nayo, maji yasiyobeba oksijeni wala chembe ya damu, na moyo wenye ukubwa wa ngumi yake ndogo uyasukume yote. Ukitaka kumfanyia hivyo mtu mzima wa kilo 60 ungetakiwa kumwingizia zaidi ya lita mbili kwa saa. Kwa mtu mzima tungeitana. Kwa mtoto tunaangalia chupa moja, tunaona ni ndogo.

Anayedhani hizi ni nadharia zangu za hosteli, nendeni mkasome utafiti wa FEAST. Ulifanyika kuanzia 2009 mpaka mwanzoni mwa 2011 kwenye hospitali sita, na safari hii hospitali hizo hazikuwa Boston wala London. Ilikuwa Kilifi kule Kenya, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor za Uganda, na Muheza. Ndiyo, Muheza hii hii ya Tanga. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri, wengi wao wana malaria. Kundi moja wakapewa maji ya chumvi ya haraka, jingine maji yenye albumini kwa haraka vilevile, la tatu hawakupewa maji ya haraka kabisa. Wote walipata dawa na maji ya kawaida ya kutwa. Mpango ulikuwa kufika watoto 3,600 lakini ulisimamishwa kabla. Ndani ya saa 48 walikufa asilimia 7.3 ya wasiopigwa maji ya haraka. Kwenye makundi mawili yaliyopigwa, asilimia 10.6 na 10.5. Maana yake kwa kila watoto 1,000 waliofunguliwa chupa, kama 33 zaidi walikufa, ambao wasingekufa.

Rudieni hiyo sentensi polepole.

Kilichonikaa kichwani zaidi kwenye utafiti ule ni jambo dogo. Saa ya kwanza, waliopigwa maji walionekana wanaendelea vizuri kuliko wenzao. Mikono inapata joto, mapigo yanajaa. Kuporomoka kulikuja baadaye, na uchambuzi uliotoka 2013 ulionyesha kwamba wengi hawakuzama kwa mapafu kujaa maji kama tulivyozoea kudhani. Mzunguko wa damu wenyewe ndio ulioanguka. Sasa unaona kwa nini msemo wa "haiui" haufi? Aliyefungua chupa anamwona mtoto kachangamka, anakabidhi zamu anaenda zake nyumbani na moyo mweupe. Mtoto anafia mikononi mwa mwingine, saa nane ya usiku, na kwenye faili inaandikwa malaria kali. Chupa haitajwi.

Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake, toleo la 2016 liko wazi. Maji ya haraka ya shoku ni kwa mtoto mwenye dalili zote kwa pamoja: mikono na miguu ya baridi, ukibonyeza ukucha na kuachia rangi inachukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, na mapigo dhaifu yanayokwenda mbio. Mwenye moja au mbili tu hapewi. Na anayepewa ni mililita 10 mpaka 20 kwa kilo, kwa dakika 30 mpaka 60, huku unamwangalia. Akiwa na upungufu mkubwa wa damu, anahitaji damu mapema, wala tusijifanye tunamsaidia kwa kumchuja zaidi damu kidogo aliyobaki nayo. Lakini wadau, karatasi za masomo tunazorithishana kutoka darasa moja hadi jingine bado zinasema 20 kwa kilo, haraka iwezekanavyo, rudia mpaka 60 ndani ya saa moja! Hayo yametoka kwenye vitabu vya nchi ambazo mtoto akizidiwa kuna mashine ya kumpumulia kitanda cha pili. Watoto wa Muheza wamelipa kwa uhai wao ili dunia ijifunze, halafu sisi wa nchi hii hii tunakariri jibu la zamani kwa sababu ndilo lenye maksi. Inaniuma, siwezi kuficha.

Najua nitakayojibiwa. "Wewe unataka watoto wanaoharisha wafe bila dripu." Hapana. FEAST haikuwahusu wanaoharisha wala walioungua, waliwekwa nje ya utafiti makusudi. Mtoto aliyeharisha mpaka macho yameingia ndani, hawezi kunywa, ukifinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama kama kitambaa, huyo anahitaji mililita 100 kwa kila kilo na anazihitaji sasa hivi. Hata hapo kuna kipimo: aliye chini ya mwaka anapewa 30 za kwanza kwa saa moja na 70 zilizobaki kwa saa tano, aliyezidi mwaka, nusu saa, halafu saa mbili na nusu. Anayeweza kunywa anapewa ORS na zinki. Hoja yangu haijawahi kuwa tuache dripu. Nasema dripu ni dawa, ina kipimo, ina muda, ina madhara, na wapo ambao hawatakiwi kuipata.

Turudi kwa aliyeungua maana ndiye aliyeanzisha ugomvi. Kule wodini karibu wote ni moto wa jikoni: uji, chai, maharage, sufuria la maji ya kuoga lililowekwa chini. (Na dawa ya meno, jamani, ni ya meno. Jeraha bichi limwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka dakika 20, basi. Yai mle.) Huyu kweli anakosa maji, kwa sababu yanavuja kutoka kwenye mishipa kuingia kwenye nyama na malengelenge. Sasa angalieni makosa yanavyopandana. Ukutani kuna mchoro wa mwanaume mzima, kichwa asilimia 9. Mtoto mdogo kichwa chake ni kama asilimia 18 ya ngozi yote na miguu yake ni midogo. Ukitumia mchoro wa baba, aliyeungua uso na kichwa unampunja nusu nzima. Wakati kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole ni kama asilimia 1, kipimo anatembea nacho!

Halafu ile fomula ya Parkland tunayoiimba. Mililita 4, mara kilo, mara asilimia iliyoungua. Kilo 12, asilimia 20, unapata 960. Nusu, yaani 480, iingie ndani ya saa 8 za kwanza. Saa 8 tangu lini? Tangu alipoungua! Aliyemwagikiwa saa nne asubuhi akafika saa nane mchana kwa bodaboda ameshapoteza saa nne, kwa hiyo 480 zinaingia kwa saa nne zilizobaki, 120 kwa saa. Juu yake kuna maji yake ya kawaida, 44 kwa saa, yenye glukosi, maana akiba ya sukari ya mtoto ni ndogo. Na yote hayo ni makadirio ya kuanzia tu. Atakayekwambia kama umepatia ni mkojo: mililita 1 kwa kilo kwa saa. Kwa huyu ni 12, haijai kijiko cha chakula. Hakuna katheta? Pima pampasi kavu, ipime ikiwa imelowa, gramu moja ni mililita moja. Kazi hiyo haina heshima, hakuna anayepiga picha akipima pampasi, ila ndiyo inayoonyesha mapema kwamba mtoto anapungukiwa. Ukisubiri presha ishuke umechelewa, ya mtoto hushuka mwisho kabisa.

Na yuko wa tatu ambaye ndiye ananitisha kuliko wote. Analetwa amevimba miguu, ngozi inabanduka vipande mapajani na kwenye makalio, chini yake nyekundu mbichi. Ukimwona haraka utasema kaungua. Ni kwashakoo, jina ambalo Cicely Williams alilitoa kwa Waga wa Gold Coast, Ghana ya leo, akaliandika kwenye jarida la Lancet mwaka 1935: ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa nafasi yake mwenzake alipozaliwa. Ngozi yake inapoteza maji na joto kama ya aliyeungua, lakini moyo wake hauwezi kubeba maji. Ile dalili ya kufinya ngozi kwake inadanganya. Mtundikie dripu kwa sababu anaharisha kidogo, bila shoku, na unaweza kumuua mchana kweupe mbele ya mama yake. Huyu anahitaji maji yake maalumu kwa mdomo, kidogo kidogo, joto, maziwa yake kila baada ya saa mbili hata usiku, na ngozi ipakwe na kufunikwa kama kidonda cha moto. Sasa mwenye kuamini dripu haiui atamtofautishaje na yule wa uji?

Kuna dada mmoja muuguzi kule wodini, nikimbana na maswali haya akaniangalia kwa huruma. Usiku yuko peke yake na vitanda vyote, vingine watoto wawili wawili. Seti za dripu za watoto zenye matone 60 kwa mililita zimekwisha, anatumia za watu wazima za matone 20, ambazo zile 44 kwa saa zinakuwa kama matone 15 kwa dakika. Mtoto akikunja mkono yanasimama, akinyoosha yanakimbia. "Mdogo wangu, nihesabu ya nani?" Sina jibu la kumpa, na lawama zangu hazimhusu. Zinamhusu anayenunua chupa bila kununua seti yenye chemba, anayeweka wodi ya watoto bila mizani inayofanya kazi, na anayetunga mtihani wa 2020 na kitu kwa majibu ya kabla ya 2011.

Na zinatuhusu sisi tuliocheka juzi. Sisi hatuna vitanda arobaini, tuna saa nne za usiku na kalamu. Nimebandika mlangoni kwangu, chumba kile kile mnachokijua, karatasi ya mchoro wa mtoto na asilimia zake kwa umri, na maswali kumi ya matone. Anayebisha aje na kalkuleta. Jaribio ni Jumatano saa mbili asubuhi, na chai nitapika mimi, sukari mje nayo.